Barabara Iliyofagiliwa

Kijiji kile kina ugonjwa mmoja usio na dawa, nao ni heshima. Kikisikia mgeni anakuja, hata awe mkaguzi wa vyoo, kila mtu anashika fagio. Mashimo yanafukiwa, nyasi zinafyekwa, mbuzi wanafungwa mbali, na yule mlevi anayelala kwenye kibaraza cha duka anapelekwa kwa dada yake akalale huko. Mgeni akifika anakuta kila kitu kimenyooka, anasifu, anaandika, anaaga. Kesho yake mbuzi wanarudi, na mlevi naye anarudi.

Daftari aliyajua haya yote, ndiyo maana mimi simwonei huruma sana. Angekuwa mgeni wa kweli tungesema hakuambiwa. Lakini alilelewa palepale na mama yake mkubwa, dada wa marehemu mama yake, tangu akiwa na miaka minne mpaka alipoondoka kwenda chuo. Hilo jina la Daftari alipewa utotoni kwa sababu alikuwa anaandika kila kitu: kuku gani kataga mayai mangapi, mvua imenyesha siku gani, nani kaazima jembe na hajarudisha. Watu walicheka wakasema mtoto huyu akikua atakuwa hakimu au mbea. Hakuwa hakimu. Aliajiriwa wilayani, idara ya majanga, kazi yake kupita vijijini kupima hatari ya moto wa porini na kuchora njia za watu kukimbilia siku moto ukija.

Na kwao palikuwa pabaya kwa moto. Kijiji kimekaa ubavuni mwa mlima, kimepakana na shamba kubwa la misonobari, na barabara pekee ya magari inazunguka ndani ya misonobari hiyohiyo. Moto ukianzia huko, gari haliji wala haliondoki. Inabaki barabara ya chini, ya miguu na mikokoteni, inayoteremka kati ya mashamba, inavuka korongo na kutokea lami. Kuna pia njia ya tatu, njia ya mawe, inayopanda kwa kando mpaka kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa zamani. Hiyo haiendi popote. Inaishia machimboni, basi.

Miezi miwili nyuma, kiangazi kilipoanza, Daftari alikuja na fomu zake. Aliitembea barabara ya chini akiwa na saa mkononi, na nyuma yake baba yake mkubwa, fundi seremala, akisukuma mkokoteni wenye magunia mawili ya mchanga badala ya mgonjwa. Walitumia dakika ishirini na mbili. Upana wa njia, mita tatu. Nyasi kandokando, zimefyekwa. Vizuizi, hakuna. Daraja la korongo, mbao nzima, mkokoteni unapita. Kwenye ramani akaipaka rangi ya kijani. Njia ya mawe ilikuwa inapanda, na somo la kwanza alilofundishwa chuoni ni kwamba moto hukimbia mlimani kuliko mtu, kwa hiyo hiyo akaipaka nyekundu. Mama mkubwa alimwambia kwamba mwaka wa moto mkubwa, kabla Daftari hajazaliwa, watu walipona machimboni kwa sababu mawe hayaungui. Daftari akatabasamu, akasema atalifikiria. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika habari za zamani.

Mpango ukapita. Mkuu wa idara akausaini, akausifu kikaoni mbele ya wenzake, akasema vijiji vingine tisa vitapangwa kwa mfano huo. Baba mkubwa akachonga mishale kumi na miwili ya mbao, akaipaka chokaa, akaipigilia njia nzima kwa maelekezo aliyopewa kwenye simu. Likabaki zoezi la kuwapitisha watu wote, wazee na wagonjwa wakiwemo, ili kila mguu uijue njia. Likapangwa saa nane mchana.

Siku yenyewe, saa nne asubuhi, dereva wa pikipiki alimshusha Daftari korongoni. Alivua kofia, akatazama mbele, akadhani wamekosea njia. Daraja lilikuwa magogo mawili yaliyolazwa sambamba, na katikati yake hewa. Mbao hazikuwepo.

Akamuuliza dereva mbao zimeibiwa lini. Dereva akacheka. Akasema pale siku zote ni magogo tu, mbao ziliwahi kuwekwa siku moja, alipokuja mkubwa fulani kutoka wilayani.

"Mkubwa gani?"

"Simjui. Mama mmoja wa mafaili."

Daftari akamlipa, akavuka magogo kwa kujipima mguu mbele ya mguu, begi la fomu likimvuta upande mmoja. Chini yake korongo lilikuwa kavu, mawe matupu, na kina chake kingetosha kuvunja nyonga ya mzee yeyote. Kule ofisini alikuwa ameandika orodha ya watu thelathini na mmoja wasioweza kutembea vizuri. Sasa aliwaona wote wamepanga foleni mbele ya magogo mawili, wanasubiri kubebwa mgongoni, mmoja mmoja.

Hatua mia mbele akakuta seng'enge imekatiza barabara. Hiyo aliijua ni ya Komeo, mzee anayefunga kila kitu isipokuwa mdomo wake. Mbuzi wa Komeo hawaingii shambani kwa mtu tangu aliposhtakiwa, kwa hiyo huifunga njia yote kwa waya uliosokotwa, na anayetaka kupita anasokotoa, anapita, anasokota tena. Siku ya ukaguzi Komeo alikuwa ameuondoa waya na kusimama pembeni akipunga mkono. Daftari alikuwa amempungia na yeye.

Lakini kilichomsimamisha ni nyasi. Nyasi zilizofyekwa kwa heshima yake hazikutupwa mbali. Zilirundikwa kandokando ya barabara, kushoto na kulia, rundo kila baada ya hatua chache, na jua la miezi miwili lilikuwa limezikausha zikawa nyepesi, zinavunjika vidoleni. Alishika konzi moja, akaifikicha, ikawa unga. Katikati ya marundo ilisimama mishale ya baba mkubwa, myeupe, imenyooka, inaelekeza vizuri kabisa. Watu mia mbili na kumi na wanne wangepitishwa humo, moto ukiwa nyuma yao, katikati ya kuni walizojipangia wenyewe.

Akapanda haraka. Upepo ulikuwa umeanza kutoka upande wa misonobari, na kila ulipovuma alisimama akanusa.

Mama mkubwa alimpokea mlangoni, kitambaa kipya kichwani, ua limefagiliwa mpaka unaona mistari ya fagio. Daftari hakukaa. Aliuliza nani aliweka zile mbao korongoni. Mama mkubwa akasema ni baba yake mkubwa, zilikuwa za paa la mteja, akaziazima siku mbili kisha akazirudisha, na hakuna aliyedhulumiwa. Akauliza kuhusu nyasi. Mama mkubwa akajibu, huku amejaa fahari, kwamba wanawake wote walitoka, siku mbili nzima, yeye mwenyewe akiwa mbele na fyekeo.

"Mama, mimi nilikuja kuiona njia ilivyo."

"Na sisi tulitaka uione ikiwa nzuri. Ulitaka mtoto wangu aje na viatu vya ofisi atoke amejaa kupe?"

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hapa mgeni alikuwa amekuja, mwenyeji akamfagilia kaburi. Daftari hakusema hivyo. Alisema tu kwamba mpango ule ni wa uongo. Mama mkubwa akaketi kwenye kigoda polepole, na ile fahari ikamtoka usoni.

Sasa hapa ndipo penye kosa, na naomba msilikwepe. Lile la kwanza lilikuwa la kijiji kizima. Hili la pili lilikuwa la Daftari peke yake. Alipaswa kutoka palepale, aende kwa mwenyekiti, rimu la lori lililoning'inizwa shuleni ligongwe, watu waje waambiwe kwamba mishale inadanganya. Badala yake alianza kupiga hesabu. Mkuu wa idara alikuwa anasubiri picha jioni. Vijiji tisa vilikuwa vinasubiri mfano. Alimwona kila mtu kikaoni akimgeukia. Akajiambia zoezi lifanyike tu, polepole, wagonjwa wabaki juu, apige picha, kisha wiki ijayo arudi kimyakimya kurekebisha. Siku saba tu. Mficha uchi hazai, lakini nani hukumbuka methali wakati jasho jembamba linamtoka?

Mama mkubwa alimlea, kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa. Aliinuka, akazunguka nyuma ya nyumba kwenye karakana, akazungumza na mumewe kwa sauti ya chini. Baada ya muda baba mkubwa akatoka akisukuma mkokoteni. Ndani yake mlikuwa na mbao nne ndefu, nyundo na kopo la misumari. Alimsalimia Daftari, akamuuliza habari za kazi, akashika barabara ya chini bila kusema anakwenda wapi.

Daftari aliona. Nasema aliona, mbao na misumari, na hakuuliza. Alijiambia labda anapeleka kwa mteja.

Saa saba kasoro moshi ulitokea juu ya misonobari. Mwanzoni ulikuwa mwembamba, mtu angeweza kusema ni wachoma mkaa. Kisha ukalala upande, ukawa wa kahawia, na upepo ukaleta harufu ya utomvu. Mwenyekiti wa kijiji aliuona akiwa shuleni, akaligonga rimu kwa nguvu zake zote.

Na watu wakacheka. Walitoka majumbani wakicheka, vifurushi vichwani, wakitaniana kwamba Daftari kawahisha zoezi ili awakamate wavivu. Mama mmoja alikuwa amevaa nguo ya harusini kwa ajili ya picha. Yule mlevi alikuwa ameshapanda mkokoteni wa wagonjwa, anasema yeye ni mgonjwa tangu mwaka juzi. Komeo akawa mbele, anawahimiza watu wafuate mishale. Wakaanza kuteremka.

Daftari alikimbia mpaka mdomo ukamkauka. Aliwapita wote, akasimama katikati ya barabara kwenye mshale wa kwanza, akatandaza mikono.

"Hili si zoezi," alisema. "Moto ni wa kweli. Msifuate mishale."

Vicheko vikakatika. Mwenyekiti alifika akihema, ameshika ile karatasi yenye muhuri iliyobandikwa shuleni, akasema, lakini mwanangu, hapa barabara ya chini ni ya kijani, na ya mawe ni nyekundu.

"Karatasi niliiandika mimi, na nilikosea. Niliipima njia mliyonifagilia. Korongo halina daraja, na nyasi zote zile ni kuni. Tupande machimboni, sasa hivi, wazee mbele."

Watu wakatazamana kujua nani wa kumwamini, yule wa miezi miwili iliyopita au huyu wa sasa, na wote wawili ni Daftari. Ndipo mama mkubwa akapenya mpaka mbele. Alimshika mkono bibi kizee wa jirani, akageuka, akaanza kupanda njia ya mawe. Wa pili akamfuata, wa tatu akafuata, kisha wote.

Daftari alimkimbilia, akaenda sambamba naye.

"Baba yako yuko chini," mama mkubwa alisema. "Nilimtuma aweke mbao. Sikutaka uaibike mbele za watu."

Miguu ya Daftari ikageuka yenyewe. Mama mkubwa alimkamata kiwiko kwa mkono uliobaki, na vidole vyake vilikuwa vya chuma.

"Ukishuka wewe, nusu ya hawa watashuka nyuma yako. Panda."

Akapanda. Sijui kama kuna jambo gumu kuliko hilo, kwenda upande wa pili na mgongo wako kwa mtu aliyekubeba mabegani ukiwa mdogo. Alipanda akilia waziwazi, na huku akilia alikuwa akifanya kazi: kuwapanga wenye nguvu kwa zamu ya kubeba, kuamuru mkokoteni uachwe njia ilipoanza kuwa ya ngazi, kumwambia mlevi ashuke. Mlevi alishuka, akambeba mgongoni mwalimu mstaafu asiye na mguu, hakumtua mpaka juu. Kila baada ya dakika Daftari alitazama saa, kwa mazoea tu, mkono ukifanya ulichozoea. Moshi sasa ulikuwa umeziba jua, na kulia kwao misonobari ilikuwa ikipasuka kwa milio mikavu.

Machimboni hapakuwa na unyasi. Palikuwa na kokoto, miamba iliyokatwa, na dimbwi la maji ya kijani katikati. Watu waliketi chini wakafunika pua kwa kanga na mashati yaliyoloweshwa. Daftari akahesabu vichwa kwa kugusa kila bega. Mia mbili na kumi na tatu pamoja na wachanga. Akahesabu tena kuanzia upande wa pili, kana kwamba mtu huongezeka ukibadilisha upande.

Kutoka ukingoni waliiona barabara ya chini. Moto uliruka kutoka msituni, ukapita paa la karakana na nyumba tatu za mwisho, ukafika kwenye rundo la kwanza la nyasi. Kisha la pili, kisha la kushoto, kisha la kulia. Uliteremka kwa mpangilio, hatua kwa hatua, ukifuata mishale mpaka korongoni, na haukumaliza dakika sita. Wale wanawake walioshika mafyekeo siku mbili walitazama mpaka mwisho. Mama mkubwa hakutazama. Alikuwa ameketi ameipa barabara mgongo, anasokota ncha ya kanga yake, anaifungua, anaisokota tena.

Daftari alikwenda akaketi karibu naye. Kila mmoja alijua kosa lake, na kila mmoja alikuwa anajihesabia lote.

Ilipita saa nzima. Moshi ulianza kuwa mweupe. Komeo, aliyesimama ukingo wa chini ambako korongo linagusa machimbo, akaita kwamba kuna mawe yanaporomoka. Kisha akasema si mawe.

Baba mkubwa alikuwa anapanda kwa magoti na mikono ndani ya korongo kavu. Nyusi zilikuwa zimeungua, shati halina mgongo, viganja vyote viwili vimevimba na kutoka maji. Kwapani alibana vibao vitatu vyeupe. Wanaume wanne wakamvuta juu, wakamlaza kando ya maji, na hakukubali kuviachia vile vibao mpaka alipomwona Daftari.

"Nilisikia rimu," alisema, na sauti yake ilikuwa imekwaruzika. "Nikajua mnakuja kule chini. Nikapanda niwazuie. Mishale niliyoifikia nimeing'oa, mtu asije akaifuata."

Daftari alivipokea. Vilikuwa mishale yake. Cha juu kilikuwa kimebabuka upande mmoja, na msumari bado umo. Baba mkubwa alikuwa amemaliza kugongelea mbao zake, akaacha daraja lililo zima na lami iliyo mbele yake hatua chache, akarudi juu kwenye moto kwa ajili ya watu ambao hawakuwepo. Moto ulipomkatia njia ndipo akashuka tena korongoni, akayafuata mawe.

Mama mkubwa alikuwa ameshapiga magoti, anamwagia mumewe maji mikononi kwa kiganja, taratibu, anamgombeza kwa sauti ya chini kwamba hata kofia hakuvaa. Alikuwa analia na kugomba kwa pamoja, na mzee anaitikia tu, ndiyo, ndiyo.

Daftari akafungua begi. Alitoa fomu mpya, akaiweka juu ya mshale uliobabuka kama meza. Njia ya mawe: dakika thelathini na saba, wagonjwa wakibebwa. Rangi: kijani. Barabara ya chini: nyekundu. Akashuka mpaka ile mistari ya mwisho ya maelezo mengine, ambayo miaka yote huwa anaiacha tupu. Hapo akaandika kwa muda mrefu.

Mama mkubwa aliinua kichwa akauliza anaandika nini. Daftari akamsomea, kwa sauti ya kutosha kusikiwa na waliokuwa karibu: kwamba barabara ilifagiliwa kwa ajili ya mkaguzi, kwamba mkaguzi amelelewa hapo na alipaswa kujua, na kwamba aligundua saa nne asubuhi akanyamaza mpaka saa saba.

Wanawake wakainamisha macho. Mama mkubwa alichota maji mengine, akayamimina juu ya viganja vya mumewe, akangoja yaishe.

"Andika na mbao nne za leo," alisema. "Andika nilizituma mimi."